Onyesha Kazi Ikiwa Mbichi

Kijana anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili ya usanifu majengo huwa ameshaonywa mambo mawili: baridi na kukesha. Baridi dawa yake ni koti. Kukesha anasimuliwa kwa fahari, kama wazee wanavyosimulia jando: fulani alilala chini ya meza wiki nzima, fulani alikula biskuti siku tatu, na wote wamekuwa wasanifu wakubwa. Mimi nimepita huko nikiwa mwanafunzi, na tangu hapo nimekuwa nikialikwa kwenye majopo yanayopokea kazi za wanafunzi. Kwa niliyoyaona, vijana wetu hawaangushwi na usingizi, wala Kiingereza. Wanaangushwa na kuchelewa kuonyesha kazi.

Sababu yake haihitaji mchawi. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita tumefundishwa kukabidhi jibu likiwa limekamilika. Ukikosea unafuta, ukiandika unafunika kwa mkono jirani asichungulie, na daftari la mazoezi halihesabiwi pamoja na mtihani. Studio inakwenda kinyume na hayo yote. Hapo daftari la mazoezi ndilo mtihani wenyewe. Aliyeficha mchoro wiki tatu ili uive, akautoa ukiwa safi, anakuta mwenzake aliyebandika makaratasi machafu ukutani tangu siku ya nne ameshapata mazungumzo sita na mwalimu, ameshaacha mawazo mawili mabovu, na sasa yuko kwenye la tatu ambalo lina uhai.

Kwa asiyejua mambo yalivyo, studio ni somo na ni mahali. Ni somo linalobeba sehemu kubwa ya krediti za muhula, likikutana mara mbili au tatu kwa wiki, alasiri nzima. Na ni ukumbi ambamo kila mwanafunzi ana meza yake muhula mzima, usiku na mchana. Pale Harvard, katika jengo la Gund Hall lililofunguliwa mwaka 1972, meza zimepangwa kwenye sakafu zinazopanda ngazi kwa ngazi chini ya paa moja la mteremko. Ukisimama juu unaona kazi za watu wote, na wote wanaona yako. Vyuo vingine vina kumbi za kawaida kabisa, lakini nia ni ileile: usijifungie chumbani. Aliyekuja na shahada ya fani nyingine, uhandisi au jiografia kwa mfano, hukaa katika maisha hayo miaka mitatu au mitatu na nusu. Aliyekwisha kusoma usanifu majengo mara nyingi hukaa miwili, kutegemea chuo kimempangia wapi.

Tuanze na ziara ya mwalimu mezani, maana hapo ndipo penye kazi. Anakuja, tuseme Jumanne, anavuta kiti, anaulizia hali. Kisha anakata kipande cha karatasi ya kutresi kutoka kwenye roli la njano, anakitandika juu ya plani yako na kuanza kuchora kwa penseli nene huku akisema. Baada ya dakika ishirini ngazi yako imehamia upande wa pili, korido imetoweka, na chumba ulichokipenda kimegeuka kuwa ua. Anaondoka kwenda meza ya pili. Wewe umebaki na vipande vitatu vya karatasi na kichwa kinazunguka.

Wengi wetu hapo hufanya jambo moja: tunakwenda kuchora upya kama mwalimu alivyochora. Ni utii, na nyumbani tungesifiwa. Ijumaa anakuja mwalimu wa pili, au yuleyule akiwa ameamka vingine, anauliza kwa nini ngazi iko huku. Mwanafunzi anajibu kwamba ndivyo alivyoambiwa Jumanne. Hakuna jibu baya kuliko hilo katika studio nzima.

Mwalimu anapochora juu ya kazi yako anafikiri kwa mkono, na anaujibu mchoro uliokuwa mezani siku ile. Hakupi amri. Kwa hiyo andika tarehe kwenye kila kipande cha karatasi alichokuachia, kibandike ukutani, kisha kabla ya Ijumaa chora njia tatu kwa haraka: yake, yako ya zamani, na nyingine iliyozaliwa kati ya hizo. Zisiwe nzuri. Ziwe katika kipimo kimoja ili zilinganishwe. Na walimu wawili wakikwambia maneno yanayogongana, usihangaike kutafuta nani ana haki. Angalia wamekwama wapi. Mmoja akisema hamisha mlango na wa pili akisema panua ukumbi, huenda wote wamejikwaa palepale mtu anapoingia ndani. Tatizo lako liko hapo, hata kama dawa zao hazifanani.

Hapa kuna suala la adabu ambalo lazima tulizungumze waziwazi. Walimu wengi kule watakuomba uwaite kwa jina la kwanza. Mtu aliyekua akisema shikamoo mwalimu huona aibu, na akiendelea kumwita Profesa hakuna atakayemlaumu. Lakini ukimya ni jambo jingine. Desturi yetu ya kutomkatiza mkubwa anaposema, kule inachukuliwa kuwa huna la kusema, au hujali. Unaweza kupinga bila kukosa heshima. Mfano: “Naona kwa nini ungehamisha ngazi. Niliiweka hapa ili ukumbi upate mwanga wa kusini, na nikiihamisha nitaukosa. Kuna namna ya kupata yote mawili?” Umemsikiliza, umetoa sababu, umemrudishia mpira. Mwalimu mzuri hulifurahia swali la namna hiyo kuliko “sawa, nitabadilisha” kumi.

Na usimkaribishe mezani kwa “unaonaje?” Swali hilo ni kubwa mno; atajibu chochote kilichomjia. Muulize kwa kuonyesha: mlango uwe barabarani au uani, nimejaribu yote, hii hapa na hii hapa. Siku ambayo huna kitu kabisa, weka hata modeli ya vipande vya boksi la viatu. Nimeona mazungumzo bora ya muhula yakitoka kwenye boksi la viatu lililokatwa vibaya, na nimeona mchoro wa kompyuta unaong'aa ukimwacha mwalimu bila la kusema zaidi ya “umependeza”.

Mfumo huu wa studio una historia, na kuna kipande chake kimoja ambacho bado kina faida. Vyuo vya Marekani vilipoanza kufundisha usanifu majengo, MIT ikitangulia na darasa lake la kwanza mwaka 1868, vilitazama sana École des Beaux-Arts ya Paris. Kule mwanafunzi alifungiwa kwenye kijichumba peke yake kwa saa chache, akapewa mradi wa mashindano, akatoa mchoro wa awali wenye wazo lake kuu. Baadaye alikuwa na majuma ya kuuendeleza, lakini kazi ya mwisho ilipaswa kufuata mchoro ule wa awali. Aliyeliacha wazo lake alitolewa mashindanoni. Leo hakuna anayekufunga hivyo, na ndiyo hatari yenyewe. Nimeona miradi ikibadilishwa wazo wiki ya mwisho, na haikuwa na wakati wa kuwa kitu chochote.

Jiwekee mwenyewe siku ya kufunga. Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, una mapitio ya katikati yapata Oktoba na ya mwisho Desemba. Mimi huwashauri vijana wafunge wazo kuu ifikapo mwanzoni mwa Novemba: jengo limekaa hivi kwenye kiwanja, watu wanaingia hapa, mwanga unatoka huku. Baada ya hapo hakuna kuhamisha jengo. Kinachobaki ni kulifanya liwe zuri zaidi kuliko lilivyo. Likizo yao ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, si mwanzo wa kufikiri; ni wakati wa kukata modeli huku foleni ya mashine za leza ikiwa fupi kwa sababu Wamarekani wamekwenda makwao.

Mambo ya vipimo yanastahili wiki yako ya kwanza nzima. Wao wanatumia futi na inchi. Michoro yao huwa kwa robo inchi kuwakilisha futi moja, ambayo ni 1:48, au thumuni ya inchi kwa futi moja, ambayo ni 1:96. Ziko karibu sana na 1:50 na 1:100 tulizozizoea, na ukaribu huo ndio unaodanganya jicho. Nimeona modeli ya kiwanja imekatwa kwa 1:100 na ya jengo kwa 1:96, na hakuna gundi duniani ingeziunganisha bila pengo kuonekana. Nunua futi ya kukunja yenye inchi, utembee nayo mfukoni. Pima mlango, kiti, ngazi unayopanda kila siku, upana wa meza yako. Mlango wa futi 3 kwa 7 ni kama milimita 910 kwa 2130. Hadi mwili uzoee vipimo hivyo, utakuwa unachora vyumba ambavyo hujui kama mtu anaenea.

Jua nalo linahama. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta na Nairobi iko nyuzi 1 tu. Jua la mchana hutupitia karibu na utosini, na maisha yetu yote tumejifunza kulikimbia kwa baraza, upenu na miti. Boston iko nyuzi 42 kaskazini. Adhuhuri ya Desemba jua la kule halipandi juu ya nyuzi 24 hivi, linakuja kutoka kusini, na saa kumi na robo jioni limeshazama. Ukileta kule upenu mpana unaotia kivuli ukuta wa kusini bila kupima pembe, utaulizwa kwa nini umewanyima watu joto. Msingi nao lazima ushuke chini ya udongo unaoganda, na huko Massachusetts hiyo ni kama futi 4. Mambo haya hayana ugumu. Ila yanampata mtu mwenye uzoefu zaidi kuliko asiye nao, kwa sababu mwenye uzoefu hajui kwamba mkono wake unachora Tanga.

Hapo sasa nitasema neno ambalo linaweza kuonekana kinyume. Usiache Tanga nyumbani. Kuna tabia mbili ninazoziona: mmoja anaficha kabisa alikotoka, anachora kama wenzake, mwingine anabandika picha ya mlango wa Zanzibar ubaoni na kusema huo ndio utamaduni wetu. Jopo halina la kufanya na picha ya mlango. Lakini mwambie mtu kwamba nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, atainua kichwa. Mwonyeshe kwamba kutoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, hadi uani kuna kona, kwa hiyo mpita njia anaona mlango wazi bila kuona familia, na mchore kona hiyo kwa vipimo. Sasa umeleta maarifa yanayofanya kazi, na mtu wa Chicago anaweza kuyajadili hata kama hajawahi kuonja pweza wa nazi.

Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando huko Burkina Faso na Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker, mwaka 2022, alifanya hivyo kabla hata hajahitimu. Shule ya msingi ya kijijini kwao ilikamilika mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi Berlin. Alimaliza masomo 2004. Kuta ni za matofali ya udongo, dari ni ya udongo yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake ili hewa ya moto itoke katikati. Kila kipande kina sababu unayoweza kuieleza kwa mshale mmoja kwenye mchoro wa mkato. Beda Amuli wa Tanzania naye alisomea Haifa, Israel, kisha akaja kutusanifia Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lenye paa la miavuli ya zege. Walichobeba wanaume hawa kutoka madarasani ni namna ya kutoa sababu, na sababu zenyewe walizikuta kwao.

Turudi kwenye kukesha, maana najua ndilo lililowafanya wengine kufungua makala hii. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10. Hesabu hiyo ifikirie ukiwa na kisu chenye wembe mkononi. Kadibodi ya modeli haikatwi kwa mkupuo. Unashika rula ya chuma, unapitisha kisu kwa wepesi mara tatu au nne kwenye mstari uleule, na unabadilisha wembe mara tu unapoanza kukwaruza badala ya kukata. Saa tisa usiku mtu hukosa subira hiyo, anabonyeza, kisu kinaruka juu ya rula. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho hulipa.

Hata Wamarekani wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2002 chama cha wanafunzi wa usanifu majengo, AIAS, kilitoa ripoti iliyotaka maisha ya studio yatengenezwe upya, na bodi ya ithibati, NAAB, ikaanza kudai kila chuo kiwe na sera ya maandishi juu ya utamaduni wa studio. Sera hiyo ipo kwenye tovuti ya chuo chako. Isome mwezi wa kwanza, usisubiri siku ya kuumwa. Itakusaidia pia kujua kwamba anayejigamba kwa kukesha hafuati sheria yoyote ya shule; anafuata mkumbo.

Sitadanganya kwamba hutakesha kamwe. Utakesha. Ila uchague. Usiku wa kukata na kubandika unaweza kuvumilika mkiwa wengi na muziki. Usiku wa kuamua jengo likae wapi haukufai kitu, kwa sababu akili ya kuamua ndiyo inayolala kwanza. Mwenzangu mmoja wa Mombasa alikuwa akiondoka mezani kila wakati wa sala, muhula mzima, hata wiki ya mwisho. Wenzetu walimhurumia kwa muda anaoupoteza. Kila akirudi alikuwa anaona kosa ambalo sisi tuliokaa tulikuwa tumelizoea. Asiyeswali na atembee, avuke uwanja, anywe chai kwenye jengo jingine.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Viza ya mwanafunzi ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na katika muhula wa studio hata 10 ni nyingi. Kazi ya maktaba au karakana ya modeli ni afadhali kuliko jikoni, maana unajifunza mahali vitu vilipo. Programu za kuchora za Autodesk ni bure kwa mwanafunzi, na ile ya Rhino hukupa siku 90 za majaribio kabla ya kununua leseni ya mwanafunzi. Vifaa vya modeli vinakula pesa kuliko vitabu. Mwisho wa kila muhula watu hutupa shehena za mbao nyembamba na kadibodi zisizoguswa, beba begi. Pika maharage na wali wa siku tatu Jumapili. Sifanyi mzaha: wanaoishi kwa chipsi za mashine ndio wanaougua mafua wiki ya mwisho.

Siku ya jopo. Utakuwa na nusu saa hivi, na dakika kumi za mwanzo ni zako. Chapisha siku mbili kabla, kwa sababu plota huharibika usiku wa kuamkia mapitio katika kila chuo ninachokijua, na kwanza chapisha ukanda mwembamba wa majaribio: mistari inayoonekana mizito kwenye skrini hupotea kabisa mtu akisimama mita 2. Usianze na historia ya safari yako. Anza na jengo: hiki ni kituo cha afya, kiko kwenye kona hii, mtu anaingia hapa, shida niliyoitatua ni hii. Gusa mchoro kwa kidole unapoutaja. Sentensi fupi zinatosha, na lafudhi yako haina haja ya kuombewa radhi. Muombe jirani wa meza aandike kila linalosemwa, kwa sababu wewe hutasikia nusu yake; nawe umfanyie vivyo hivyo zamu yake ikifika. Ukiulizwa jambo ambalo hukulifikiria, sema hukulifikiria na useme ungeanzia wapi. Wanajopo wakianza kubishana wao kwa wao, waache wabishane. Hiyo ni dalili nzuri.

Maneno makali yatakuwepo, na mengine yatakuwa ya kipuuzi. Kesho yake, si usiku uleule, keti na karatasi za jirani yako na uandike mambo matatu ambayo ungeyafanya kama ungepewa wiki mbili zaidi. Kisha, kabla hujapanda ndege wala hujalala kutwa, piga picha modeli yako kwenye mwanga wa dirisha na karatasi nyeupe nyuma yake, weka mafaili yote sehemu mbili, moja ikiwa nje ya kompyuta yako. Wasafishaji hupita studio siku chache baada ya mapitio na kila kilichobaki juu ya meza kinakwenda na taka.